Kaunta Buku, Kwaya Mbili

Mimi sijapiga mpira hata mmoja maishani.
Kazi yangu ni kukaa benchini, nyuma ya wavu,
na penseli, na nusu ya kifutio,
nikimwandika kila anayelishika gongo:
gongo la mti, jamani, si lile la chupani,
ingawa nalo, nimeona, hulevya.

Machi, Bundala Luhende alikuwa hashikiki.
Mrushaji wa Musoma anajikunja, anajikunjua,
yeye katulia tuli
kama mtu anayengoja chenji yake dukani.
Kisha: ka!
Mpira unavuka paa la kiwanda cha samaki,
unagonga jabali, jabali linaurushia jabali jingine,
na watoto wa Igogo wanapanda kuusaka kama pimbi,
mia mbili kwa kila mpira unaorudi.
Mwezi ule walikula maandazi kila siku.

Nikaandika. Kistari. Kistari. Kistari.
Mama ntilie akampa kichwa cha sato bure,
kinyozi wa Kirumba akaikataa hela yake.
Wakasema ana dawa.
Wengine wakataja mpaka kijiji alikoitoa.

Halafu Juni, bila barua, bila hodi.
Alipokosa mara ya kwanza tulicheka naye.
Mara ya sita akalitazama gongo kama limemtukana.
Ya kumi na moja, akabadilisha viatu.
Ya kumi na nne, akavirudia vile vya zamani.
Ya kumi na tisa, Nyamizi mkewe akaniambia
gongo sasa linalala kitandani, upande wa ukutani,
yeye na mtoto wamehamia mkekani.

Sufuri ni rahisi kuandika, mkono hauchoki.
Inayochoka ni shingo,
kwa kugeukia pengine yeye anapopita.

Sokoni Mlango Mmoja wakambatiza Feni.
"Feni, sogea huku, joto limezidi!"
Naye akicheka, maana kucheka anajua,
akinunua soksi asizozihitaji
ili aonekane ana shughuli.

Magesa wa Ukara, ambaye magoti yake
yamebakiza msimu mmoja tu,
hakumpa hotuba. Alikaa naye wakibambua karanga.
"Mwaka ule nilikosa ishirini na nane," akasema.
"Wa ishirini na tisa niliupiga vibaya."
Akatema ganda. Basi.

Mchezo huu hesabu zake zina kichaa:
ukikosa mara saba katika kumi, wewe ni mfalme.
Ningeyafundisha haya enzi nashika chaki pale Nyakato
wangenifukuza kabla ya saa nne.
Lakini nikihesabu yangu,
mtihani wa Kidato cha Nne, mpunga wa Magu,
ndoa ile, na ile nyingine,
najikuta sijafika hata hizo tatu,
na hakuna aliyekaa nyuma ya wavu akiniandika.

Agosti, Bukoba wameshuka melini alfajiri,
macho mekundu, mabegi mgongoni.
Mbali, wadudu wa ziwani wamesimama juu ya maji
kama moshi usio na moto.
Bundala anaingia. Ishirini na tatu.
Anafumba macho, naapa, alifumba.
Mpira unagusa ncha ya gongo, unatoa sauti ya kikohozi,
unajikokota majanini kama mlevi anayetafuta kwao.
Mrushaji anaufuata, anateleza,
na Bundala yuko kituo cha kwanza,
kainama, mikono magotini,
hashangilii, anahema tu.

Nilitafuta alama ya mpira mbovu kama ule.
Haipo. Kistari ni kistari:
kile cha Machi kilichovuka paa
na hiki kilichotambaa.
Nikakichora kwa nguvu mno, ncha ikakatika.

Oktoba alikuja kwangu, kavaa kandambili.
"Jumla?"
Ishirini na tisa kwa mia.
"Mwaka jana?"
Ishirini na tisa.
Hakusema kitu. Alilivuta daftari,
akafunua mpaka Juni,
akazipitishia kidole sufuri zile, moja moja,
polepole,
kama mtu anayehesabu vifaranga kabla hajafunga banda.